Gari Dogo la Kwenda Kazini: Tupige Hesabu Kwanza



Hivi karibuni tulitembelea kituo kimoja cha kisomo katika wilaya moja ya Kanda ya Ziwa. Siku hiyo somo lilikuwa hesabu za kugawanya. Tulipomaliza, mama mmoja aliinua mkono. Mama huyu ni mkulima wa nyanya. Mumewe ni mtumishi katika mji wa wilaya, kilometa 25 kutoka kijijini kwao. Kila siku ya kazi mumewe anaondoka saa 11 alfajiri kuwahi basi.

"Mwalimu," akasema, "mimi swali langu si la kitabuni. Baba watoto anataka kununua gari. Hela tumeweka miaka minne, na nyingine anataka kukopa SACCOS. Dalali anatuambia hivi, shemeji anatuambia vile. Sasa nyie mliosoma, tununue gari gani?"

Darasa lilicheka, halafu likanyamaza. Watu walitaka kusikia jibu. Nasi hatukuwa na jibu la haraka. Tulimwomba mama yule atupe wiki moja, na tukamweleza kwa nini.

Gari chini ya mwembe

Tunaye mwenzetu mmoja tunayefanya naye kazi. Miaka michache iliyopita alikopa sh. 9,000,000, mkopo wa miezi 48. Akanunua gari kubwa kidogo la mtumba, injini ya sentimeta za ujazo 2,000, linang'aa kama kioo. Muuzaji alimwambia, "Bei hii hii ungepata kagari kadogo. Mimi nakupa gari la heshima." Mwenzetu akafurahi. Nasi tulimpongeza. Tulipiga naye picha mbele ya gari lake. Hakuna hata mmoja wetu aliyemwuliza: spea zake zinapatikana wapi? Fundi wake ni nani? Linakula mafuta kiasi gani?

Mwezi wa tatu giaboksi ilianza kustuka. Fundi wa pale mjini, kwa nia njema, akabadilisha oili ya giaboksi akatia ya aina nyingine. Baada ya wiki mbili gari halikwenda mbele wala nyuma. Giaboksi ya aina ile haikupatikana mjini, na iliyopatikana mbali bei yake ilikuwa zaidi ya mishahara yake miwili. Leo gari lile limeegeshwa chini ya mwembe nyuma ya nyumba yake, na kuku wanalala juu ya boneti. Mwenzetu anakuja kazini kwa baiskeli, na mkopo ulikatwa katika mshahara wake mpaka shilingi ya mwisho.

Kosa lile lilikuwa lake, lakini ni letu pia. Ndiyo maana tuliona tuandike makala haya. Tunataka kusema jambo moja tu: bei ya kununua gari si gharama ya gari. Gari hununuliwa siku moja, lakini hulipiwa kila siku. Mtu anayejua kusoma, kuandika na kuhesabu ana silaha ya kujikinga. Basi aitumie.

Swali la kwanza: Njia yako ikoje?

Wengi wetu huanza kwa kuuliza, "Gari gani ni zuri?" Swali hilo halina jibu. Gari zuri kwa mtu wa lami huenda likawa adhabu kwa mtu wa makorongo. Anza na njia yako ya kila siku.

Kwa mfano, wenzetu wa Sengerema na Geita waliozoea kuvuka kwa kivuko kwenda Mwanza wana daraja tangu Juni 2025. Ni daraja la Kigongo–Busisi, lenye urefu wa kilometa 3 hivi. Mtu anayeishi kando ya barabara ile kuu ya lami anaweza kutumia gari dogo kabisa bila taabu. Lakini mwenzake anayeishi kilometa 8 ndani, njia ya udongo wa mfinyanzi, ana hesabu nyingine.

Fanya hivi. Chukua kijiti, kipime kwa rula, ukate sentimeta 15. Pita njia yako yote kwa baiskeli au kwa miguu. Kila penye jiwe, kigongo au mfereji, pima. Magari mengi madogo yameinuka kutoka ardhini kiasi cha hicho kijiti au chini yake kidogo. Tena ukipakia watu wanne na magunia, gari linashuka zaidi. Penye jiwe linalozidi kijiti, tumbo la gari litagusa. Sehemu zikiwa mbili tatu, unaweza kuzikwepa, au mkashirikiana na majirani kuzifukia. Zikiwa nyingi, gari dogo la chini si lako.

Fikiria pia wakati wa masika. Kama njia yenu haipitiki kwa miezi miwili, gari utaliacha wapi? Kwa nani? Utalipa ulinzi?

Hesabu ya mwezi mmoja

Sasa tuchukue kalamu. Tutumie mfano wa yule mama na mumewe. Bei tunazotaja hapa ni za mfano tu. Wewe weka bei za kwenu. Bei ya petroli hubadilika, na kila mwezi EWURA hutangaza bei kikomo ya kila wilaya.

Kwenda kilometa 25, kurudi kilometa 25: jumla 50 kwa siku. Siku za kazi 22 kwa mwezi: 50 mara 22 ni kilometa 1,100.

Gari dogo linalokwenda kilometa 15 kwa lita moja litatumia lita 73 na kidogo. Tuseme lita ni sh. 3,000. Mafuta ya mwezi ni sh. 220,000.

Gari kubwa kidogo, linalokwenda kilometa 10 kwa lita, litatumia lita 110. Mafuta ya mwezi ni sh. 330,000.

Tofauti ni sh. 110,000 kwa mwezi. Kwa mwaka ni sh. 1,320,000. Magari haya mawili yalikuwa yanauzwa bei moja! Hiyo ndiyo "heshima" aliyouziwa mwenzetu.

Lakini mafuta siyo gharama pekee. Tuendelee na lile gari dogo:

Kubadilisha oili na vichujio: kwa mwaka gari litakwenda kilometa 13,200. Ukibadilisha kila kilometa 5,000, ni kama mara 3. Tuseme kila mara sh. 120,000. Kwa mwaka ni 360,000, yaani sh. 30,000 kwa mwezi.

Matairi manne: tuseme sh. 600,000, yadumu miaka 3. Gawanya kwa miezi 36: karibu sh. 17,000 kwa mwezi.

Bima ndogo: tuseme sh. 120,000 kwa mwaka, yaani sh. 10,000 kwa mwezi.

Akiba ya matengenezo (bushi, breki, beteri): sh. 60,000 kwa mwezi. Usiseme "litaharibika lini hili?" Gari la mtumba litaharibika. Bora likute fedha imekaa.

Jumla: sh. 337,000 kwa mwezi. Hapo hatujaweka marejesho ya mkopo.

Sasa tulinganishe na basi. Nauli sh. 2,500 kwenda na 2,500 kurudi, kwa siku 22, ni sh. 110,000. Mama naye hupeleka nyanya sokoni mjini mara 12 kwa mwezi, na kila safari mzigo pamoja na nauli yake humgharimu sh. 12,000. Hiyo ni sh. 144,000. Jumla yao wote wawili ni sh. 254,000.

Mmeona? Hata kwa familia yenye watu wawili wa kusafiri na mzigo, gari limezidi kwa sh. 83,000. Angekuwa baba peke yake, asiye na mzigo, gari lingekuwa zaidi ya mara tatu ya nauli.

Je, tunasema watu wasinunue magari? Hasha. Ile sh. 83,000 ndiyo bei ya kulala mpaka saa 12, kufika kazini kwa wakati, nyanya zisipondeke juu ya keria ya basi, na kumpeleka mtoto hospitali usiku. Wapo watakaoona inafaa, wapo watakaoona haifai. Tunachosema ni kwamba uijue kabla, siyo baada.

Kuna wanaosema, "Nitabeba abiria njiani, gari litajilipa." Ndugu, tahadhari. Kuchangiana mafuta na jirani unayefanya naye kazi ni jambo moja. Kubeba abiria kwa nauli ni biashara, nayo inahitaji leseni ya LATRA, namba nyeupe za biashara na bima ya biashara. Ukipata ajali na abiria wa nauli kwenye gari la namba za njano, bima yako inaweza kukukana.

Chagua gari linalojulikana na mafundi wa kwenu

Nenda mjini kwenu, simama penye barabara kuu nusu saa na daftari. Andika majina ya magari madogo yanayopita. Jina lenye alama nyingi ndilo lenye mafundi wengi na spea nyingi. Hapa kwetu mara nyingi utakuta Toyota: Vitz, IST, Passo, Probox. Hatuyapigii debe magari haya. Tunasema tu kwamba gari la kawaida ni rahisi kutibika, kama ugonjwa wa kawaida.

Kuna sababu nyingine. IST lilitoka mwaka 2002, na mwaka huo huo likatoka Probox. Vitz ndilo lililotangulia, mwaka 1999. Magari haya kwa macho ni tofauti, lakini mengi yake yana injini za ukoo mmoja: ile ya 1,300 iitwayo 2NZ na ile ya 1,500 iitwayo 1NZ. Fundi aliyezoea injini ya IST hatashangaa akifungua boneti ya Probox. Spea nyingi zinaingiliana. Tena injini hizi hazitumii mkanda wa taimingi unaopaswa kubadilishwa kila baada ya kilometa kadhaa. Zinatumia mnyororo, ambao hudumu muda mrefu mradi oili ibadilishwe kwa wakati.

Passo lilianza 2004. Lenye injini ya 1,000 ni dogo, linabana mafuta, lakini injini yake ina silinda 3, kwa hiyo linatetemeka kidogo likisimama. Huo si ugonjwa. Linafaa watu wawili watatu wa lami. Kwa kupanda milima na watu watano na magunia, litalia.

Probox liliundwa kuwa gari la kazi. Ndani ni la kawaida, halina urembo, lakini nyuma lina nafasi ya mizigo. Kwa mtu wa nyanya au dagaa ni la kufikiriwa.

Jambo moja la kuangalia sana ni giaboksi. Baadhi ya magari madogo yana giaboksi ya otomatiki ya kawaida. Mengine yana ile iitwayo CVT, ambayo ndani yake mkanda wa chuma unakimbia kati ya magurudumu mawili yanayopanuka na kubana. CVT inabana mafuta vizuri, lakini ina oili yake maalum. Ukitia oili ya giaboksi nyingine, unaiua. Ndivyo lilivyokufa gari la mwenzetu. Basi uliza, andika aina ya oili kwenye karatasi, uibandike ndani ya boneti. Fundi naye asome.

Kwa nini mengi yanatoka Japani?

Sisi tunaendesha upande wa kushoto wa barabara, na Wajapani vivyo hivyo. Usukani uko kulia kama tunavyotaka. Tena kule Japani gari jipya hukaguliwa kwa lazima baada ya miaka 3, kisha kila miaka 2. Ukaguzi huo una gharama, na watu wengi huona bora wauze wanunue jingine. Hayo yanayouzwa ndiyo yanayotufikia.

Ukitaka kuagiza mwenyewe, kumbuka kwamba bei unayoiona mara nyingi ni ya kufikisha gari bandarini Dar es Salaam tu. Bado kodi. Injini ikiwa kubwa, kodi inapanda. Gari likiwa na miaka mingi, kuna ushuru wa ziada wa uchakavu. Kodi inaweza kukaribia bei ya gari au hata kuipita. TRA wana kikokotoo katika tovuti yao: unaingiza aina ya gari na mwaka, kinakupa kodi. Fanya hivyo kabla ya kutuma hata shilingi moja. Halafu ongeza gharama za bandari, wakala na usajili.

Siku ya kukagua

Ukipata gari hapa hapa nchini, nenda kulitazama asubuhi, si usiku wala wakati wa mvua. Nenda na fundi wako, siyo fundi wa dalali. Mlipe fundi ujira wake. Mwambie muuzaji asiliwashe gari kabla hamjafika. Injini baridi haifichi maradhi.

1. Soma matairi. Ubavuni mwa tairi kuna herufi DOT na mwisho wake tarakimu nne. Zikiwa 2319, maana yake tairi lilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi linaweza kuwa na meno mazuri lakini limezeeka, mpira umepasuka. Tairi moja likiwa limelika upande mmoja, uliza sababu.

2. Soma namba ya chesisi. Katika magari mengi ya Toyota imepigwa kwenye ukuta wa chuma kati ya injini na dereva. IST lenye namba inayoanza na NCP60 ni la injini ya 1,300. NCP61 ni la 1,500. Muuzaji akikwambia vingine, jua hajui gari lake au anakudanganya.

3. Fungua mfuniko wa rejeta, injini ikiwa baridi tu. Ikiwa ya moto, utaungua vibaya. Maji yawe safi. Ukiona utando kama maziwa au mafuta, oili na maji vimechanganyika. Hilo ni gari la kuliacha.

4. Washa, tazama moshi. Moshi wa bluu: injini inakula oili. Moshi mweusi: inachoma mafuta mengi kupita kiasi. Moshi mweupe usiokwisha hata injini ikipata moto: maji yanaingia ndani.

5. Tazama taa za dashibodi. Ukizungusha ufunguo kabla ya kuwasha, taa ya injini na taa ya mifuko ya hewa ya kuokoa maisha zinapaswa kuwaka, kisha zizime. Zikiendelea kuwaka hata baada ya injini kuwashwa, kuna ubovu. Zisipowaka kabisa, huenda mtu amezing'oa ili usione ubovu. Hili la pili ni baya zaidi.

6. Inua kapeti. Harufu ya uvundo na tope chini ya kapeti ni dalili ya gari lililozama majini.

7. Endesha kwenye lami na kwenye vumbi. Sikiliza. Mgongano chini ukipita mashimo ni bushi au shokapu. Kwenye njia tupu iliyonyooka shika usukani kwa wepesi uone kama gari linavuta upande. Funga breki. Weka gia ya mbele, kisha ya nyuma. Gari lisistuke.

8. Usiamini mita ya kilometa peke yake. Mita hurudishwa nyuma. Gari lenye kilometa 60,000 halitakuwa na pedali ya breki iliyolika mpaka chuma, wala usukani ulioparara. Gari lililotoka Japani karibuni huwa na cheti cha kusafirishia nje ambacho huandikwa kilometa. Omba ukione, ulinganishe.

Usiogope kuchukua saa mbili. Muuzaji akisema, "Harakisha, kuna mteja mwingine anakuja na hela," mwambie, "Mkaribishe." Magari hayajaisha duniani.

Karatasi

Hapa ndipo kisomo chako kinapolipa. Shika kadi ya gari, nenda nayo kwenye gari lenyewe. Linganisha namba ya chesisi tarakimu kwa tarakimu. Linganisha namba ya injini. Linganisha rangi na mwaka. Jina lililo kwenye kadi liwe la mtu anayeuza, naye akuonyeshe kitambulisho chake. Akisema, "Gari ni la kaka yangu yuko safarini," mngojeni kaka arudi.

Chunguza kama gari linadaiwa faini za barabarani, na kama bima yake ni ya kweli. Yote mawili yanaweza kuangaliwa kwa namba ya gari kwenye simu. Kama huna simu ya namna hiyo, kijana yeyote wa sekondari atakusaidia. Uliza pia kama gari limewekwa dhamana ya mkopo.

Andikeni mkataba wa mauziano mbele ya wakili. Lipa kwa benki, siyo mkononi nyuma ya gereji. Kisha msiishie hapo: nendeni TRA mhamishe umiliki. Wapo watu wengi wanaoendesha magari yenye majina ya wengine. Mwenye jina akifa, au akidaiwa, utaanza kesi usiyoijua mwisho wake.

Baada ya kununua

Nunua daftari la sh. 500 uliweke kwenye gari. Andika kila lita, kila spea, kila tarehe. Kila baada ya muda pima ulaji wa mafuta. Jaza tanki mpaka juu, andika mita: tuseme 84,200. Tembea siku kadhaa. Jaza tena mpaka juu, na mita isome 84,560. Umetembea kilometa 360. Kama zimeingia lita 24, gawanya: kilometa 15 kwa lita. Mwezi ujao ukipata 12, gari linaumwa. Daftari limekwambia kabla gari halijakwama njiani.

Usinunue petroli ya chupa kando ya barabara. Ni hatari ya moto, na mara nyingi ni chafu.

Yule mama wa nyanya

Wiki iliyofuata tulirudi kituoni, tukapiga hesabu hizi ubaoni, darasa zima. Mama yule alinakili kila kitu. Siku ya kwenda kukagua gari alikwenda na mumewe, na daftari mkononi. Gari lilikuwa zuri, limepigwa rangi upya. Fundi hakuona ubaya mkubwa. Baba alikuwa ameshakubali bei.

Mama akaomba kadi. Akasimama mbele ya boneti, anasoma namba kidogo kidogo kwa kidole, kama tulivyosoma sote tulipoanza. Tarakimu moja haikulingana. Kwenye kadi ilikuwa 3, kwenye chuma ilikuwa 8. Dalali akacheka: "Mama, hayo ni makosa ya mwandishi tu." Mama akajibu, "Basi mwandishi arekebishe kwanza, sisi tutarudi." Wakaondoka na fedha zao. Dalali hakuwapigia simu tena.

Ilipita miezi minne kabla hawajapata jingine. Walinunua Probox la 1,300, rangi imefifia, mlango wa nyuma una kovu. Walikopa kiasi kidogo kuliko walivyokusudia. Mama alituonyesha daftari lake: ukurasa wa kwanza umeandikwa kilometa 14 kwa lita.

Mama huyu alikuja darasani miaka michache iliyopita, hajui kuandika jina lake. Safari hii kusoma tarakimu moja kumeokoa jasho la miaka minne.

Maswali ya kujadili kikundini

1. Njia ya kwenda mjini kwenu ina sehemu ngapi zinazozidi kijiti cha sentimeta 15? Nani anaweza kuzifukia?
2. Pigeni hesabu ya mwezi mmoja kwa bei za kijijini kwenu. Je, gari, pikipiki au basi, kipi ni nafuu kwa mtu mmoja? Kwa watu watatu?
3. Tafuteni tairi lolote kijijini. Lilitengenezwa wiki ya ngapi, mwaka gani?
4. Kwa nini dalali alisema "makosa ya mwandishi"? Wewe ungemjibu nini?

Tuandikieni majibu yenu.